Kumshusha Atupele

Gwakisa Mwasumbi, mkuu wa kituo cha Ziwa Lyambo, hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi hiyo alipompigia Subilaga simu alisema, "Njoo umshushe," kisha akakata.

Subilaga Mwambene hakuhitaji kuuliza ni nani. Alitia vifaa vyake kwenye begi, akapanda pikipiki yake ya umeme na kuikamata barabara ya mlimani, manyunyu yakimchapa usoni. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa prosesa za mwilini katika hospitali ya mjini, na kule kituoni alikuwepo mtu mmoja tu aliyepita mikononi mwake. Huyo ni Atupele. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio yote mawili angali mdogo. Madaktari wakamwekea prosesa mbili ndogo kama punje za mahindi, moja nyuma ya kila sikio, ndani ya mfupa. Subilaga ndiye aliyeziwasha mara ya kwanza. Alimwona mtoto yule akishtuka kwa kusikia kikohozi cha mama yake, kisha akacheka mpaka machozi. Tangu siku ile Atupele alimwita mama, kama anavyomwita aliyemzaa.

Sasa alikuwa binti mkubwa, mtazamaji wa ziwa. Lyambo lilikaa juu ya mlima kama maji kwenye kikombe, na chini ya maji yake kulikuwa na gesi iliyojikusanya tangu enzi za mababu. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa. Siku ambayo ingetoka kwa wingi, ingeteremka mpaka bondeni Itambula na kumlaza kila mwenye pumzi. Ndiyo maana kituo kikajengwa juu, kwenye bega la mlima, na kikawekewa mitambo na king'ora.

* * *

Alimkuta Atupele akizunguka chumba, kutoka dirishani hadi mezani, kutoka mezani hadi dirishani. Ngozi ya nyuma ya masikio yake ilikuwa imevimba, nyekundu kama imemwagiwa maji ya moto. Macho yalimetameta.

"Shikamoo, mama. Usifungue begi kwanza. Nakuomba. Nisikilize, halafu ufungue, au usifungue, lakini nisikilize."

"Marahaba, mwanangu. Kaa chini."

"Siwezi kukaa. Ziwa linagonga."

Gwakisa alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Anasema hivyo tangu juzi," alisema. "Hali, halali. Nimemwona akiandika kwa mikono miwili."

Subilaga alisogeza kisomeo cha prosesa karibu na shingo ya binti. Namba zilipotokea, alizisoma mara mbili. Prosesa zote mbili zilikuwa zikienda mara tatu ya kasi ya kiwandani.

Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa na kasi yake, na wanaoipanga kasi hiyo huacha nafasi ya usalama, kama fundi mshonaji anavyoacha pindo. Vijana walikuwa wamegundua pindo hilo na kulifumua. Ukiongeza kasi kidogo, unasikia zaidi na kuona zaidi. Ukiongeza sana, ubongo nao hukimbia kuifuata prosesa, na ndipo unapokuja ulevi wa kasi. Mtu anajiona ameamka kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyewahi kuomba kushushwa. Kwa hiyo sheria ilichora mstari. Aliyepita mara mbili ya kasi ya kiwandani hana kauli juu ya prosesa yake, na fundi anatakiwa amshushe hata akikataa.

"Ulitaka nini kule juu?" Subilaga aliuliza.

"Ndege. Nilitaka kuwasikia ndege wa ng'ambo ya ziwa, basi. Nikaongeza kidogo nikawasikia. Nikaongeza tena nikasikia mbawa zao. Halafu juzi nikasikia hiki kingine." Atupele alishusha sauti. "Kiko chini kabisa, mama. Kama mtu anatwanga kwenye kinu kilichofunikwa blanketi."

"Mitambo haioni kitu," Gwakisa alisema.

"Mitambo imefundishwa isisikie mngurumo wa chini. Wewe mwenyewe unajua, mzee. Upepo na mawimbi vinanguruma huko huko, na bila hivyo king'ora kingelia kila siku."

Gwakisa hakubisha. Alimvuta Subilaga pembeni, akaongea kwa sauti ndogo, ingawa kwa masikio yale ya Atupele ilikuwa kazi bure.

"Mwaka juzi king'ora kililia bure. Watu walikimbia. Mkwe wangu alikuwa na mimba kubwa, akaanguka kwenye ngazi za soko. Mtoto hakuishi." Alitazama bondeni. "Leo ni siku ya soko, dada. Bonde limejaa. Siwezi kuwakimbiza watu kwa sababu ya masikio yanayochemka. Lakini kama anasema kweli je?"

Hapo ndipo penye ugumu. Prosesa iliyochemka hubuni, na Subilaga aliwahi kumshusha mwalimu mmoja aliyesikia adhana mchana kutwa kutoka msikiti usiokuwepo. Kumwacha Atupele juu ni kumwacha aungue. Kumshusha ni kuyaziba masikio pekee yanayolisikia ziwa, kama kweli yanalisikia. Naye binti hawezi kuulizwa, maana kwa kasi ile jibu lisingekuwa lake.

Alitazama namba tena, kisha akatabasamu ghafla.

"Nitamshusha," alisema. "Lakini atashuka huku anasikiliza."

* * *

Kumrudisha mtu kwenye kasi ya kiwandani si kuzima na kuwasha. Ukichomoa umeme tu, prosesa inarudi kweli ilivyotoka kiwandani, tupu kabisa, na ramani ya sauti iliyojengwa kwa miaka inafutika. Mtu hasikii tena neno mama kama neno, anasikia kelele. Nao ubongo uliozoea mafuriko ukikutana na kiangazi cha ghafla huweza kupata kifafa. Kwa hiyo Subilaga alianza na ramani, akainakili yote kwenye chombo chake. Kisha akabandika vifuko vya barafu nyuma ya masikio. Baada ya hapo kasi ndiyo hushuka kwanza, hatua moja, na umeme hufuata nyuma. Ukitanguliza umeme, unaiacha prosesa ikikimbia na njaa, nayo hukwama.

Alimkalisha Atupele mezani aelekee ukuta, asione skrini.

"Gonga meza kwa kidole kila unaposikia pigo. Usifikiri. Gonga tu. Nawe, kaka Gwakisa, shika saa yako, upime nafasi kati ya pigo na pigo."

"Ili iweje?"

"Mlio uliozaliwa ndani ya prosesa huifuata prosesa. Nikiipunguza mwendo, nao utapungua mwendo, kama feni umeme unapokuwa mdogo. Mlio unaotoka ziwani haujali chochote kilichomo kichwani mwa mtu. Utafifia, lakini hautabadili mwendo."

Gwakisa alivua saa na kuiweka kiganjani.

Kidole kilianza. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Subilaga aliacha mwendo ujipange, halafu akasema kwa sauti, "Nashusha," wala hakushusha. Kidole hakikubadilika. Akangoja, na safari hii akashusha hatua nzima bila kusema neno. Mabega ya Atupele yalilegea kidogo.

"Kimefifia," alisema. "Umenishusha?"

"Gonga, mwanangu."

Tak. Kimya. Tak. Kimya. Gwakisa aliinama juu ya saa. Subilaga akashusha umeme, akasubiri joto lipungue, akashusha kasi tena. Na tena. Binti alikuwa akikunja uso sasa, akiinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano gizani.

"Nafasi ni zile zile?" Subilaga aliuliza.

"La," Gwakisa alisema, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Zinafupika."

Subilaga alitazama skrini, akatazama kidole. Prosesa ilikuwa inapunguza mwendo, na mdundo ulikuwa unauongeza. Hapakuwa na namna yoyote ya prosesa kuubuni mlio unaoikimbia yenyewe. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kushuhudia kitu kama kile, mtu akishuka ngazi na ukweli ukipanda.

"Kaka," alisema, "hiki kiko nje. Kiko ziwani, na kinakuja."

Gwakisa hakuuliza mara ya pili. Alivuka chumba, akafungua kifuniko chekundu na kuvuta mkono wa king'ora. Mlima mzima ukalia.

* * *

Kutoka dirishani waliona soko la Itambula likigeuka. Miavuli ya rangi ilikunjwa, watu wakaanza kutiririka kuelekea magharibi, kwenye kilima cha shule, kama vibao vilivyowaelekeza. Kulikuwa na njia mbili za kupanda, ile ya shule na ile ya mashariki inayoingia mashamba ya chai. Kingo za ziwa nazo zilikuwa na mapengo mawili, moja juu ya kila njia.

"Gesi itamwagikia wapi?" Subilaga aliuliza.

"Inategemea itapasukia upande gani," Gwakisa alisema. "Hilo hakuna aliyewahi kulijua."

Subilaga aliendelea na kazi yake. Prosesa zilifika mara moja na nusu, chini ya mstari wa sheria. Joto lilikuwa bado kubwa, lakini lilishuka. Alimgeuza Atupele amtazame.

"Unajisikiaje?"

"Kama nimetolewa kwenye sherehe nikafungiwa mlango." Midomo yake ilitetemeka. "Naogopa, mama. Kule juu sikuwa naogopa."

"Hofu hiyo nilikuwa naisubiri. Ndiyo wewe mwenyewe umerudi."

Atupele alitazama dirishani, watu wakipanda kilima cha shule, wanawake na vikapu vichwani, mzee amebebwa mgongoni.

"Kule juu ningejua ni upande gani," alisema polepole. "Nilikuwa na masikio mawili yanayosikia vizuri. Hapa nasikia pigo tu, halina kushoto wala kulia. Nipandishe."

"Hapana."

"Mama."

"Mishipa yako imeshaungua nusu. Hakuna mwongozo hata mmoja unaofundisha kupanda wakati wa kushuka. Unaweza kuyapoteza masikio yote mawili. Unaweza kufa, Atupele, mbele yangu, kwenye kiti hiki."

"Najua."

Subilaga alitazama mikono yake. Saa moja nyuma ombi kama hili asingelisikiliza, maana lingekuwa la prosesa. Sasa lilikuwa la binti, na ndiyo maana lilimuuma. Angeweza kusema sheria inakataza. Angeweza kumshusha mpaka chini, akampeleka nyumbani akiwa mzima, na hakuna angemlaumu. Alivuta kiti, akakaa magoti yao yagusane.

"Unaogopa?"

"Sana."

"Na ukikaa hapa ulipo, hakuna atakayekudharau. Umeshawaokoa wengi kwa king'ora kile. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa."

"Na bado unataka?"

Atupele alinyoosha mkono. "Bado nataka. Lakini unishike mkono."

Subilaga alimshika mkono wa kushoto kwa mkono wake wa kushoto, na kwa wa kulia akaanza kupandisha. Safari hii umeme ulitangulia na kasi ikafuata, kinyume cha yote aliyofundisha wanafunzi wake. Mara mbili. Mara mbili na nusu. Mara tatu. Barafu iliyeyuka ikachuruzika mpaka kwenye kola ya gauni. Vidole vya Atupele vilimbana, macho yakafunguka makubwa, na ile furaha ya kulewa ikamrudia usoni kama jua.

"Oh, mama. Ni kubwa. Ni nzuri mno."

"Upande gani, mwanangu? Niambie upande."

"Inapanda kama, kama maziwa yanayotaka kufurika, naisikia ikijisugua kwenye mawe..."

"Atupele. Upande gani?"

Kichwa kiligeuka kidogo huku, kidogo kule. "Shule," alisema. "Chini ya ukingo wa shule. Warudishe, mzee. Wanapanda kuielekea."

Gwakisa alikuwa tayari na kipaza sauti mkononi. Vipaza sauti vya bonde vilikuwa na ujumbe uliorekodiwa, wa sauti ya mjini iliyo baridi. Aliuzima, akaongea mwenyewe, kwa Kinyakyusa, kama anayewaita watu shambani kwake. Alitaja jina lake na la baba yake. Aliwaambia njia ya shule imekufa, wageuke, wapite chini ya daraja, wapande kwenye chai. Aliwaambia mwaka juzi king'ora kilimwondolea mjukuu, na kwamba asingethubutu kusema haya leo kama hana hakika. Wasikimbie. Wenye nguvu wabebe wasio na nguvu.

Msafara ulisimama. Kwa muda ulioonekana mrefu mno ulisimama tu, vichwa vikigeuka huku na huku. Kisha mtu mmoja mwenye kitenge cha njano akageuka, wa nyuma yake akageuka, na mto mzima wa watu ukaanza kurudi ulikotoka na kuvuka bonde kuelekea kijani cha chai.

* * *

Subilaga alikuwa ameanza kushusha tena. Prosesa ya kulia ilitii, hatua baada ya hatua. Ya kushoto haikutii. Namba yake ilibaki mara tatu, joto likipanda, na amri zake ziliingia zikapotea kama mawe kisimani. Ilikuwa imekwama.

Nje, ziwani, upande wa shule, maji yalibadilika rangi. Yalikuwa ya buluu, yakawa ya kutu. Yalivimba kama mgongo wa mnyama anayeinuka, halafu yakapasuka, na safu nyeupe ikarushwa juu kuliko paa la kituo. Dirisha lilitetemeka. Atupele alipiga yowe akashika sikio la kushoto.

Hapo Subilaga alijua la kufanya, na alijua bei yake. Kama angekata umeme wa kushoto mara hiyo, ubongo ungebaki bila kitu cha kushikilia. Akaiacha ya kushoto iungue kidogo zaidi, jambo lililomkata maini, akaimalizia ya kulia kwa utaratibu ule ule wa kila siku. Kasi, umeme, subiri. Kasi, umeme, subiri. Gwakisa alikuwa akimimina maji baridi kwenye kitambaa na kumkanda binti shingoni. Ya kulia ilipotulia kwenye kasi ya kiwandani, Subilaga akairudishia ramani ya sauti, akahakikisha imeshika. Kisha akaukata umeme wa kushoto.

Mwili wa Atupele ulikakamaa. Waliushikilia wote wawili, kichwa kikiwa mapajani mwa Subilaga, akimwimbia kitu kisichokuwa wimbo, ilimradi sauti ya mtu imwingie kwenye sikio lililobaki. Baadaye mwili ukalegea. Pumzi ikarudi, nzito, kama ya mtu aliyeogelea mbali.

Nje wingu jeupe la ukungu uliochanganyika na gesi lilimwagika kupitia pengo la magharibi, taratibu, bila kelele, likafunika kilima cha shule, paa, mlingoti wa bendera na njia nzima ambayo watu walikuwa wakiipanda. Likajaza soko. Upande wa pili, juu ya mstari wa wingu, mashamba ya chai yalikuwa yamejaa watu kama sikukuu.

"Nani anaimba vibaya hivyo?" Atupele aliuliza, akiwa amefumba macho.

* * *

Mkaguzi wa leseni alikuja bonde lilipokwisha kusafishwa na upepo. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye suti isiyopenda matope. Walikaa kwenye veranda ya kituo, Gwakisa, Subilaga na Atupele, ambaye alichagua kiti cha pembeni ili wote wawe upande wake wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa kimya, na madaktari walisema utabaki hivyo.

"Kumbukumbu ya chombo inaonyesha mgonjwa alifikishwa mara moja na nusu salama," mkaguzi alisema. "Kisha akapandishwa tena mpaka mara tatu. Na fundi. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Mama, unajua kwamba leseni yako inaondoka?"

"Najua."

"Kwa kuokoa watu utapewa heshima, pengine na medali. Lakini sikio la huyu dada lilikuwa chini ya ulinzi wako, si chini ya ulinzi wa bonde. Kesho fundi mwingine naye atampandisha mgonjwa wake, na ziwa halitapasuka. Nitamwambia nini?"

Swali hilo hilo Subilaga alikuwa amejiuliza usiku kadhaa, na kila mara aliona anayeliuliza ana haki. Alifungua begi, akatoa kadi yake ya leseni na kuisukuma mezani.

"Mwambie kwanza amshushe," Atupele alisema.

Mkaguzi aligeuka. "Samahani?"

"Huyo fundi mwingine. Mwambie amshushe kwanza mgonjwa wake mpaka aogope. Halafu amuulize." Aliongea polepole, kama mtu anayejifunza tena uzito wa maneno yake. "Kule juu ningesema ndiyo kwa lolote, kaka. Ningesema ndiyo hata kwa kuruka ziwani. Mama alinitoa huko kabla ya kuniuliza. Nilipojibu, nilikuwa natetemeka, na nilikuwa mimi."

Mkaguzi aliishika kadi, akaigeuza upande wa pili, akairudisha mezani bila kuiweka mfukoni. Alisema ataandika aliyoyasikia, na wakubwa wataamua. Kisha akauliza kama anaweza kuonyeshwa ziwa, na Atupele akasimama kumwongoza, akimwomba apite upande wa kulia.